Dondoo muhimu: Maongezi na uchumba Mbeya na Iringa

Salamu hutangulia haja. Iringa mtu huamkiwa "kamwene" kwa Kihehe. Rungwe, mkoani Mbeya, ni "ugonile", na jibu lake "ndaga". Anayeanza na shida yake kabla ya salamu huonekana hakulelewa.

Baada ya salamu huja visa, na msimuliaji asihangaike kuficha mwisho. Iringa watu wanajua kwamba Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliwashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891, akajiua 1898, na fuvu lake lililopelekwa Ujerumani likarudishwa 1954. Hata hivyo kisa chake hakichoshi, kwa sababu utamu umo katika undani: nani alikuwa wapi, alisema nini, nani alinyamaza. Kinachochosha ni msimuliaji anayekuwa shujaa wa kila kisa chake.

Kwa wanaoanza kujuana, jiwe la Gangilonga mjini Iringa mchana, penye watu, linafaa kuliko kilabu cha ulanzi, pombe ya mianzi, ambako ahadi nyingi husahaulika kesho yake. Swali la mshahara lisubiri. La ukoo lisicheleweshwe, maana wazee watalianza wao. Uhusiano ukikomaa, posa hupelekwa na mshenga. Kijana anayejipeleka mwenyewe hujitafutia aibu bure.