Funga Mziki Mnene Juu ya Fuso

Umepewa kazi. Timu imechukua kombe, au kampuni inazindua bidhaa, au shule inatimiza miaka 50, na wanataka gari la mziki litakalotikisa mtaa mzima. Kabla hujapiga simu kukodi spika za kila mtu unayemjua, weka hili kichwani: mziki wa kwenye gari haufungwi kama wa ukumbini. Ukumbi una kuta za kurudisha sauti, una umeme wa TANESCO, na sakafu yake haitembei. Juu ya Fuso huna hata kimoja kati ya hivyo.

Anza na gari lenyewe. Kwa mziki mdogo, Canter inatosha. Ukiwa na besi nne na kuendelea, tafuta Fuso. Usitazame rangi wala ukubwa wa bodi peke yake. Muulize mwenye gari kuhusu rejeta na klachi. Paredi linakwenda mwendo wa mtu anayetembea, kilomita tatu hadi tano kwa saa, juani, kwa masaa. Gari lenye rejeta mbovu litachemka katikati ya umati, na hapo hata mziki wa aina gani hautakuokoa. Dereva naye atumie gia ya chini kabisa na aache klachi ipumzike. Anayeendesha huku ameshikilia klachi nusu ataiunguza kabla hamjafika nusu ya njia.

Pita njia yote siku moja kabla, ukiwa na futi ya kupimia. Pima urefu kutoka barabarani hadi juu ya spika ya juu kabisa, au kichwa cha mtu atakayesimama juu kabisa. Kisha angalia nyaya za umeme zinazokatiza barabara, matawi ya miembe, mabango na madaraja ya waenda kwa miguu. Nyaya za mitaani huwa zinaning'inia chini kuliko unavyokumbuka. Ukiona sehemu moja tu yenye mashaka, punguza kimo au badili njia. Usimweke kijana wa kuinua nyaya kwa mti. Kazi hiyo imeshaua watu.

Sasa umeme, maana hapa ndipo kazi nyingi zinapofia.

Jenereta huwa na namba mbili kwenye kibati chake: ya kilele na ya kudumu. Wakodishaji hupenda kukutajia ya kilele. Wewe fuata ya kudumu. Halafu kumbuka kVA si kilowati: jenereta ya kVA 1 kwa kawaida inakupa kilowati 0.8. Na usiikamue yote; ishia asilimia 70, ili besi inapopiga ghafla umeme usiyumbe.

Tupige hesabu ya mziki wa kawaida wa paredi: besi nne za inchi 18, spika nne za juu, na honi mbili za matangazo. Tuseme amplifaya zote kwa pamoja zimeandikwa wati 8,000. Usishtuke, hazili wati 8,000 muda wote. Nyimbo zenye besi nzito, zikipigwa kwa nguvu bila kukwaruza, hutumia kama theluthi moja ya hizo, yaani wati 2,700 hivi. Ongeza zinazopotea kama joto ndani ya amplifaya, miksa, kompyuta ya DJ na taa, unafika karibu wati 3,800. Gawa kwa 0.8, kisha kwa 0.7, unapata takriban kVA 6.8. Chukua jenereta ya 7.5 au 8. Ukichukua ya 3 kwa sababu ni bei nafuu, jioni utalipia spika.

Mimi napendelea dizeli yenye boksi la kuzuia kelele. Ni nzito, lakini haitetereki na inakunywa kidogo. Iweke mbele, nyuma tu ya kabini, juu ya vipande vya mpira, na moshi wake utoke upande ambao hauna watu. Ndani ya moshi wa jenereta kuna gesi inayoua bila harufu ya kukuonya, kwa hiyo usiifunike turubai ikiwa inafanya kazi, hata mvua ikinyesha. Mafuta jaza kabla ya kuondoka. Ikibidi kuongeza njiani, simamisha gari, zima, acha ipoe, ndipo umimine.

Mwite fundi umeme mwenye leseni kwa kazi moja ndogo ambayo wengi huiruka. Aunganishe nyutro ya jenereta na fremu yake, fremu hiyo na bodi ya gari, kisha aweke brekaa ya kuzuia shoti kwa binadamu, ile ya milliampia 30. Matairi ni mpira. Gari halina udongo wa kuukimbilia umeme uliovuja. Bila muunganiko huo, brekaa inaweza kukaa kimya wakati mtu ananaswa. Na usidanganyike na kitufe chake cha kujaribia: brekaa itaruka vizuri tu hata kama muunganiko haupo. Fundi apime kwa kifaa chake.

Vifaa vyote vipate umeme kutoka jenereta hiyohiyo. Ukiweka miksa kwenye inveta ya gari na amplifaya kwenye jenereta, utasikia mvumo mzito usiokwisha, na utahangaika kubadili kebo zisizo na kosa.

Tuje kwenye sauti. Kuna kishawishi cha kuongeza maboksi mpaka bodi ijae. Subiri kidogo. Ukizidisha nguvu ya amplifaya mara mbili, unaongeza desibeli 3 tu, kiasi ambacho mtu barabarani anaweza asikitambue. Wakati huohuo, mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili unapoteza kama desibeli 6. Kwa hiyo ushindi haupo dukani. Upo kwenye mpangilio.

Besi ziweke pamoja. Zote. Zipange sakafuni, ubavu kwa ubavu, zikigusana. Besi mbili zilizobanana, kila moja na nguvu yake, hukupa hadi desibeli 6 zaidi ya moja, bila kodi ya ziada. Ukizitenganisha, mbili kushoto na mbili kulia, kuna watu watakaopigwa kifuani na wengine hatua chache pembeni hawatasikia kitu. Usihangaike sana zinaangalia wapi, sauti nzito husambaa pande zote. Jambo jingine: uzito wote huo ukiwa chini, gari halipepesuki kwenye kona.

Spika za juu ndizo zenye mwelekeo. Mbili zielekee nyuma, kwa sababu umati mkubwa unafuata gari. Moja kila ubavu. Ziinue zipite vichwa vya watu, kisha ziinamishe kidogo, zilenge mtu aliye mita 10 hadi 15 kutoka kwenye gari. Spika iliyonyooka inawaimbia watu wa ghorofa ya tatu na ndege. Zisitazamane, na zisimlenge DJ.

Honi zifunge mbele, juu ya kabini. Hizo ni za maneno tu: zinachana kelele za bodaboda na vuvuzela, na mtu aliye mbali anaelewa kinachosemwa. Usizipitishie nyimbo. Zinatoa sauti ya bati, na ukizitwisha besi zinakufa.

Kwenye krosova, kifaa kinachogawa sauti, besi zipewe kilicho chini ya Hz 100, spika za juu zipewe kilichobaki. Kata kila kitu kilicho chini ya Hz 35 au 40. Huko chini barabarani hakuna anayesikia, lakini jenereta inatoa jasho. Weka limita na uifunge DJ asiiguse. Taa nyekundu ya amplifaya ikiwaka mfululizo, sauti haiongezeki tena. Inachakaa tu, na twita zinaungua kwanza.

Usiunganishe spika nyingi kwenye mlango mmoja bila hesabu. Mbili za ohm 8 zikienda sambamba zinakuwa ohm 4, nne zinakuwa ohm 2, na amplifaya nyingi hazivumilii hapo, tena kwenye joto la saa nane mchana. Amplifaya ziwe kivulini, na feni zake zisizibwe na mabegi ya watu. Mabegi ndiyo adui mkubwa kuliko vumbi.

Kufunga. Chukulia kwamba dereva atafunga breki ghafla kwa sababu ya mtoto aliyekatiza, kwa kuwa itatokea. Kila boksi liwe na mkanda wa kukaza mizigo, na mkanda ushikwe kwenye chuma cha bodi, si kwenye mbao. Kamba ya manila ni sawa kwa turubai. Kwa spika, hapana, inalegea taratibu na hutajua. Chini ya maboksi tandika mpira au zulia kuukuu yasiteleze. Spika za juu zikae kwenye fremu ya chuma iliyochomelewa kwa ajili yake, na juu ya mkanda ongeza waya wa chuma wa akiba. Ukishafunga, endesha gari kilomita chache kwenye barabara ya mashimo, mziki umezimwa, kisha rudi ukaze upya. Mikanda yote itakuwa imelegea.

Kebo nazo zifungwe kila hatua moja, zipite pembeni, zisikanyagwe. Kila plagi izungushie tepu. Mtetemo wa besi huchomoa vitu polepole, na plagi ikichomoka katikati ya umati unaitafuta kwa kupapasa.

Meza ya DJ ina mbinu yake ya mtaani: itundike kwa vipande vya mpira wa tyubu ya tairi, pembe nne, ielee. Mashimo ya barabara yanaishia kwenye mpira. DJ aje na nyimbo kwenye flashi mbili zenye vitu vilevile, na asitegemee intaneti. Umati mkubwa huelemea mtandao wa simu. MC asimame nyuma ya mstari wa spika za juu, kamwe asipite mbele yake na maiki iliyo wazi, la sivyo italia wiii mpaka watu wazibe masikio.

Hapo kwenye masikio usifanye mzaha. Wataalamu wanaweka ukomo wa masaa 8 kwa sauti ya desibeli 85, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Kwenye desibeli 100 unabaki na dakika 15. Juu ya gari lako sauti ni kali kuliko hiyo. Nunua viziba masikio vya povu kwa kila mtu wa kazi, ni bei ya soda. Watoto wasipande, hata mtoto wa mwenye kombe.

Dereva hatasikia chochote. Wala honi, wala filimbi ya polisi, wala mtu anayepiga kelele kwamba kuna mguu karibu na tairi. Mfungie taa ndogo ndani ya kabini, swichi ikae kwa mtu mmoja tu aliye juu. Ikiwaka, anasimama, hakuna mjadala. Halafu weka vijana chini, wawili kwa kila tairi la nyuma na wengine mbele, wakishika kamba kuzunguka gari lote. Kule Salvador, Brazil, ambako mwaka 1950 Dodô na Osmar walipanda na ala zao juu ya Ford ya 1929 na kuanzisha mtindo wa magari ya mziki wa kanivali, hadi leo kuna watu wanaolipwa kwa kazi hiyo tu ya kushika kamba. Nawe walipe, na walipe vizuri. Kijana asiyelipwa ataacha kamba akacheze, na utamwelewa.

Karatasi nazo. Tanzania, polisi wapewe taarifa ya maandamano angalau masaa 48 kabla. Kenya, kati ya siku 3 na 14. Andika njia, muda wa kuanza na kumaliza, na namba ya gari. Beba nakala kabini. Askari wa barabarani atakayekusimamisha si yule aliyepokea barua yako.

Panga pia mahali pa kupunguza sauti, na mpe DJ orodha kabla ya kuondoka: hospitali, msikiti wakati wa swala, kanisa lenye ibada. Ukikuta turubai la msiba mtaani, usipunguze. Zima kabisa, mpite kimya hadi muwe mbali. Ukifika chini ya daraja, shusha besi, sauti inajirudia na kuwa fujo. Na kama kuna gari jingine la mziki kwenye msafara, mkubaliane umbali mapema, mita 50 au zaidi, la sivyo watu wa katikati watasikia nyimbo mbili na kutukana zote mbili.

Wakati wa kuwasha: jenereta kwanza, iache itulie, kisha miksa, amplifaya mwisho. Kuzima ni kinyume chake, amplifaya kwanza. Ukikata jenereta huku amplifaya ziko hewani, ule mshindo wa mwisho unaweza kuondoka na spika.

Mkifika mwisho, usishushe kitu hapohapo kwenye umati. Peleka gari mahali tulivu penye taa, hesabu kebo dhidi ya orodha ya asubuhi, ndipo umruhusu utingo afungue mikanda.