Kudai Haki Si Ugomvi: Somo la Bima za Mikopo za Uingereza

Wako miongoni mwetu wanaodhani kuwa subira ni kunyamaza. Mtu akidhulumiwa mali yake na mwenye nguvu, husema, "Ndiyo riziki yangu," akaenda zake. Hayo siyo mafunzo ya dini yetu. Imepokewa kuwa mtu mmoja alimjia Mtume wetu (S.A.W.) kumdai deni lake, akamtolea maneno makali, hata Masahaba wakataka kumwadhibu. Mtume akawakataza, akawafahamisha kuwa mwenye haki ana ruhusa ya kusema, kisha akaamrisha alipwe ngamia aliye bora kuliko wake. Ikiwa haki ya kudai ilisimama mbele ya Mtume wa Mwenyezi Mungu, itaangukaje mbele ya karani wa benki?

Twataka tuliangalie jambo hili kwa mfano wa yaliyotokea Uingereza, kwani lina mazingatio kwa kila mwenye kutia sahihi karatasi asiyoisoma.

Mabenki ya nchi hiyo, khasa katika miaka ya 1990 na ile ya 2000 iliyofuata, yalikuwa yakiuza bima pamoja na mikopo. Maana yake ni kuwa mkopaji akiugua au akipoteza kazi, bima imlipie deni lake kwa muda. Kwa dhahiri ni jambo la huruma, lakini batini yake ilikuwa nyingine. Wako waliouziwa bila ya kujua kuwa wamenunua. Wako walioambiwa kuwa hawatapata mkopo ila kwa bima. Na wako wazee waliokwisha kustaafu, na wenye maradhi ya zamani, waliotozwa bima ambayo kwa masharti yake wasingeweza kufaidika nayo. Tena mara nyingi bei ya bima ilitiwa ndani ya mkopo wenyewe, ikatozwa riba pamoja nao.

Mwaka 2006 mjane mmoja alikopa pauni 34,000, akatozwa bima ya pauni 5,780. Katika fedha hizo, pauni 1,630 tu ndizo zilizoifikia kampuni ya bima. Zile 4,150 zilizosalia, yaani karibu asilimia 72, ziligawanywa baina ya mkopeshaji na dalali, na mwenyewe hakuambiwa kiasi hicho. Akashitaki, na mwezi wa Novemba 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kuwa kumficha jambo kubwa kama hilo kulifanya uhusiano baina yao usiwe wa haki.

Msomaji wa fiqhi halioni hili kuwa geni. Jina lake ni ghishi. Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika chungu ya nafaka sokoni akakuta chini imerowa, alimlaumu muuzaji kwa kuwa hakuiweka ile iliyorowa juu watu waione. Biashara ni maridhiano, na ridhaa ya asiyejua si ridhaa.

Mabenki yalikwenda mahakamani kupinga kanuni za kushughulikia malalamiko hayo, yakashindwa mwaka 2011. Tangu mwaka huo hadi mlango ulipofungwa tarehe 29 Agosti 2019 na madai ya mwisho yakamalizwa, wateja walirejeshewa zaidi ya pauni bilioni 38. Wengi wao walizipata kwa barua tu. Mtu aliiandikia benki yake nambari ya mkopo na tarehe yake, aliyoambiwa na aliyofichwa, na analolitaka. Benki ilikuwa na wiki nane za kujibu. Isipojibu, au jibu lisiporidhisha, mlalamikaji alikwenda kwa msuluhishi wa mambo ya fedha aliyewekwa na sheria, bila ya kutoa hata senti. Wasiojua hayo waliwapa mawakala sehemu kubwa ya haki yao, mpaka sheria ikawawekea mawakala hao kiwango mwaka 2018.

Mtu atauliza: Aliyekopa kwa riba ana haki gani ya kulalamika? Twajibu kuwa riba ni haramu, wala hatuipunguzii uzito wake. Lakini kosa la mtu halimhalalishii mwengine kumla mali yake kwa hila. Ni juu yake atubie kwa lile, na adai hili. Ama ile nyongeza ya asilimia 8 kwa mwaka iliyokuwa ikitiwa juu ya fedha zilizorejeshwa, mwenye kuogopa kuwa ni riba na awaulize wanavyuoni. Rasilimali yake ni yake bila ya shaka. Na wanavyuoni wengi husema kuwa riba iliyomfikia mtu huitoa kwa maskini, si kwa nia ya kupata thawabu, bali kwa kujitakasa nayo.

Mambo matatu tuyashike. La kwanza ni kuandika na kuhifadhi: aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqara, ni ya kuandika madeni. Asiyekuwa na karatasi hana ulimi. La pili ni ukweli: huko Uingereza walitokea pia waliodai fidia ya bima ambayo hawakupata kuinunua, na hao ni wenye ghishi kama wale wauzaji. La tatu ni kuuliza kabla ya kutia sahihi: Hii ni fedha ya nini? Yamwendea nani? Je, nikiikataa?

Nasi hapa Kenya mikopo mingi ya benki hufuatana na bima, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, imempa mnunuzi haki ya kupewa khabari zimpasazo. Haki iliyoandikwa haimfai asiyeidai. Basi tuwafundishe mama zetu na vijana wetu kuuliza kwa adabu, na kudai kwa ushahidi. Subira ya Muislamu ni kusimama juu ya haki bila ya kuchoka.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika kheri, na atuepushe na kudhulumu na kudhulumiwa. Amin.