Kigari cha Demani: Gololi Kabla ya Roda

Kwenye sitaha ya mashua ya starehe ya mita 10 au 11, kila ubavu huwa na reli, na juu ya reli kuna kigari kilichobeba roda. Demani ya tanga la mbele hutoka kwenye pembe ya tanga, hupita katika roda hiyo, kisha huelekea nyuma kwenye winchi. Kigari kikisogezwa mbele, pembe huvutwa chini zaidi: ukingo wa nyuma wa tanga hukaza, na tumbo la chini hujaa. Kikirudi nyuma, chini hunyooka na juu hufunguka, upepo ukamwagika. Mwamuzi ni zile nyuzi zilizobandikwa karibu na ukingo wa mbele. Chombo kikipanda joshi taratibu na uzi wa juu ukatangulia kutikisika, kigari kiko nyuma mno. Ukitangulia wa chini, kiko mbele mno.

Vigari vingi hushikiliwa na pini, na pini haing'oki mzigo ukiwa juu yake. Ndiyo maana nashauri kamba ya kuvutia, ifike mpaka kwenye usukani. Wapo wasemao hayo ni mambo ya mashindano: msafiri asogeze kigari cha upande wa joshi, ambacho hakina mzigo, kisha ageuze chombo. Mbinu hiyo ni sahihi, ila inakulazimisha kugeuza pale ambapo safari haitaki. Tena msafiri ndiye mwenye haja kubwa zaidi, kwa kuwa tanga lake huviringishwa. Kila anapolipunguza, pembe husogea mbele, na kigari hakina budi kuifuata. Anayepanda kusini kwenye mkondo wa Pemba wakati kusi imepamba moto hupunguza tanga saa ile ile ambayo hakuna mtu anayepaswa kutembea kwenye sitaha ya upande wa demani, inayolambwa na mawimbi.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Tuseme demani ina mvuto wa kilo 400 na inapanda kutoka kwenye roda kwa pembe ya digrii 40. Upande mmoja huvuta kuelekea kwenye tanga, mwingine kuelekea kwenye winchi. Ukitoa huu kwa ule, kigari kinabaki kikivutwa juu kwa kilo 257 hivi, na nyuma kwa kilo 94. Kwa hiyo demani yenyewe hurudisha kigari nyuma. Wewe unahitaji kamba moja tu kila upande, ya kuvuta mbele.

Lakini kigari cha kawaida husuguana na reli. Nikiukadiria msuguano huo kuwa sehemu moja kwa tano ya ule mvuto wa juu, kilo 51 zinaongezeka, na kazi ya kuvuta mbele inafika kilo 145. Roda zinazogawa mzigo kwa nne zinakuachia kilo 36 mkononi. Zinazogawa kwa sita, 24. Kigari chenye gololi, ambacho msuguano wake ni mdogo sana, hukupa zile zile 24 kwa mgawo wa nne. Mtu atauliza: si basi ninunue roda zaidi, ambazo ni nafuu? Jibu liko kwenye kurudi nyuma. Demani ikilala hadi digrii 20, nguvu ya kurudisha kigari ni takriban asilimia 6 ya mvuto wa demani, ilhali msuguano ule unakaribia asilimia 7. Kigari kinakwama. Roda za ziada hazikusaidii hapo. Zinazidisha tatizo, kwa sababu kamba ndefu zaidi inabidi ipite kwenye magurudumu mengi zaidi. Utajikuta ukifunga kamba ya pili ya kuvuta nyuma, na unafuu umekwisha.

Ukishapata gololi, kufunga ni kazi nyepesi. Roda ya mbele ikae mwisho wa reli, kwa kimo cha kigari, ili mvuto uende sambamba na reli. Ukienda mshazari, gololi huumia. Kamba ya poliesta ya milimita 8, isiyonyumbuka sana, inashikika vizuri mkononi. Ipime kigari kikiwa nyuma kabisa: reli ya mita 1.5 kwa mgawo wa nne inameza mita 6 kabla hujahesabu njia ya kwenda kwenye kliti. Kwa kigari cha upande wa joshi, ambacho demani yake imelegea, funga kamba nyembamba ya mpira nyuma yake, isije kamba ya kuvutia ikatapakaa sitahani.

Asiye na bajeti anaweza kutumia pete laini ya alumini juu ya demani, ikivutwa chini kwa kamba yake. Naiona njia nzuri, hasa kwa mashua ndogo, mradi ile pete ishikwe kwenye kishikio cha sitaha kilichopitishwa boliti hadi chini, si skrubu.

Vizuizi vya mwisho wa reli usiving'oe; kamba ikikatika, ndivyo vitakavyokizuia kigari kisichomoke. Vidole visikaribie reli demani ikiwa imekaza. Kisha andika namba kando ya reli zote mbili, ili ukigeuza chombo, kigari cha upande wa pili kiwe tayari kimewekwa kwenye namba ile ile.