Mawe ya Nyongo: Kupasuliwa au Kungoja?

Kila mwanafunzi aliyewahi kumpasua kuku jikoni aliijua nyongo kabla ya kuisoma darasani. Ni kile kifuko cha kijani kilichoshikamana na ini, ambacho mama huonya kisipasuke, maana kikipasuka nyama yote huwa chungu. Ndiyo maana jambo likiharibika husemwa limetumbukia nyongo. Karamu yangu ilitumbukia nyongo kweli kweli miaka mitatu iliyopita, usiku ule wanafunzi wa zamani walipokutana hapa shuleni. Kwa kuwa mimi ni mwalimu wa Biolojia, naona yafaa nilifundishe somo hili kwa mwili wangu mwenyewe.

1. KAZI YA NYONGO

Ini hutengeneza nyongo yapata nusu lita hadi lita moja kila siku. Kazi yake ni kuyagawanya mafuta ya chakula yawe matone madogo madogo, ili yapate kusagika. Wakati hatuli, sehemu ya nyongo huwekwa akiba katika mfuko wake chini ya ini, wenye umbo kama la parachichi dogo. Humo hupunguzwa maji, ikawa nzito. Mafuta yakifika utumboni, homoni hupeleka habari kwa njia ya damu, na mfuko hujikamua.

2. MAWE HUTOKA WAPI?

Katika nyongo mna kolesteroli, nayo haiyeyuki katika maji bila msaada wa chumvi za nyongo. Ikizidi, au mfuko usipojikamua vizuri, huganda chembe chembe, kama chumvi iachwavyo sufuriani maji yakikauka. Chembe hukua zikawa mawe: mengine kama mchanga, mengine kama yai la njiwa. Wanawake hupatwa kuliko wanaume, hasa waliozaa; kadhalika watu wanene, wazee, na hata waliokonda kwa haraka mno. Kuna na mawe meusi yatokanayo na rangi ya chembe nyekundu za damu zilizovunjika. Kwa hiyo mwenye ugonjwa wa selimundu aweza kuwa na mawe akingali kijana wa umri wenu.

3. MAUMIVU

Watu wengi, yapata wanane katika kumi, hukaa na mawe yao maisha yote wasijue. Shida huanza jiwe linapoziba mlango wa mfuko. Usiku ule nilikuwa nimekula pilau na nyama ya mbuzi yenye mafuta tele. Saa sita nikaamshwa na maumivu chini ya mbavu za kuume, yakapanda hata kwenye bega. Sikuweza kulala wala kuketi. Baada ya saa tatu yakaondoka, kana kwamba hayakuwapo. Nilidhani ni vidonda vya tumbo, lakini picha ya mawimbi ya sauti ilionyesha mawe manne.

Sikilizeni vema: maumivu yakizidi saa sita bila kupoa, au yakija pamoja na homa, au macho yakawa manjano, hapo hakuna kungoja. Yawezekana mfuko umevimba, au jiwe limeziba mfereji, au kongosho limeshikwa. Nenda hospitali siku ile ile.

4. KUPASULIWA AU KUNGOJA?

Daktari Carl Langenbuch wa Berlin ndiye aliyeutoa mfuko wa nyongo kwa mara ya kwanza, mwaka 1882, na mgonjwa akapona. Mwaka 1985 Mjerumani mwingine, Erich Mühe, aliutoa kwa njia ya matundu madogo. Mtu aweza kuishi bila mfuko huo, kwa kuwa nyongo hutiririka moja kwa moja utumboni.

Lakini hakuna kisu kisicho na hatari. Mwaka 1953 Anthony Eden, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alipasuliwa London, mfereji wake ukajeruhiwa. Ikambidi apasuliwe tena huko huko, kisha Boston, na homa zikawa zikimrudia kwa miaka. Rais Lyndon Johnson wa Marekani naye alipasuliwa Oktoba 1965, na siku chache baadaye akainua shati akawaonyesha waandishi wa habari kovu lake. Jeraha kama la Eden huwapata wachache tu katika kila elfu, lakini huyo mmoja aweza kuwa wewe.

Mawe yasiyouma kwa kawaida huachwa. Je, yaliyouma mara moja mbili? Zamani jibu lilikuwa kisu. Lakini utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2023, wa wagonjwa 434, ulionyesha kwamba baada ya miezi 18 waliopangiwa kungoja hawakuwa na maumivu kuzidi waliopangiwa kupasuliwa, na ni robo tu yao waliokuwa wamepasuliwa.

Nilingoja mwaka mmoja, nikipunguza mafuta. Maumivu yakarudi mara tatu. Wengine walinishauri ninywe mafuta ya zeituni na ndimu ili mawe yatoke. Lakini vile vidonge vitokavyo ni mafuta yenyewe yaliyogandamana tumboni. Kisha nikafikiri: wale wagonjwa wa Uingereza wana hospitali karibu. Kwetu, kumfikia daktari wa upasuaji ni safari ya siku nzima, na wakati wa mvua barabara hukatika. Jiwe likiziba mfereji mwezi wa Aprili, nitafikaje? Nikachagua kupasuliwa wakati wa likizo, nikiwa mzima.

Nilipasuliwa kwa mkato mrefu, kwa kuwa vyombo vya matundu madogo havikuwapo. Miezi miwili tumbo liliniendesha kila nilipokula mafuta, sasa nimetulia. Mwalimu mwenzangu mwenye mawe kama yangu aliamua kungoja, naye ni mzima hata leo. Nyumba yake yatazamana na hospitali. Sidhani kwamba mmoja wetu alikosea.

MASWALI
1. Kwa nini maumivu huja baada ya kula mafuta?
2. Taja dalili tatu zisizoruhusu kungoja.
3. Mama mmoja aliyeumwa mara mbili akaa kisiwani, na mashua hupita mara moja kwa juma. Ungemshauri nini, na kwa sababu gani?