Haluli na Sauti Baharini

Sisi wa Kibiti twajua kuwa Rufiji humwaga maji matamu baharini. Lakini sauti nyembamba, ya mitetemo 20,000 kwa sekunde, humezwa na maji ya bahari yapata mara 30 zaidi ya maji matamu. Mla sauti ni nani? Bwenini wengi hutaja chumvi ya chakula, kwa wingi wake. Kumbe siyo! Mwaka 1949 Leonard na wenzake, huko Marekani, waliona ni magnesiamu salfeti, yaani haluli, ile dawa ya kuendesha tumbo, ambayo baharini ni kidogo tu. Wimbi likibana maji, chembe zake zilizoshikana huachana. Likipita hurudiana kwa kuchelewa, na kuchelewa huko hugeuza nguvu ya sauti kuwa joto. Wataalamu hubadili mitetemo, wakatafuta ule unaoliwa kupita yote kwa kila wimbi. Hapo hujua muda wa kurudiana, pasipo kuiona hata chembe moja.