Usichome Tripleksi Katika Mbabula

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumba, someni somo hili pamoja.

Mwezi wa saba, baridi ikiwa kali hapa Lubumbashi, baba mmoja alituletea mtoto wake kwa dispensere. Macho yalikuwa mekundu, na kikohozi hakikumpa nafasi ya kulala. Tulipouliza sana, tukafahamu: baba alikuwa amepiga plafo ya tripleksi, na vipande vilivyobaki viliwashwa katika mbabula ndani ya nyumba, ili makala yasiishe upesi.

Tripleksi ni nini?
Ni karatasi nyembamba za mti zilizobandikwa moja juu ya nyingine. Panno nayo ni chembe za mti zilizochanganywa na gundi, kisha zikakandamizwa kwa moto. Ni vitu vya faida. Pori letu la miombo linakatwa kila siku kwa makala na kwa kuchoma matofali. Kutengeneza kabati kwa mabaki ya msumeno ni akili njema.

Ubaya uko wapi?
Uko katika gundi. Nyingi zina dawa inayoitwa formaldehidi. Hewa yake hutoka polepole katika bao jipya, zaidi wakati wa joto na unyevu, na hupungua muda unavyopita. Inawasha macho, pua na koo, na inawatesa wenye asma. Mwaka 2004, wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani waliihesabu kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa watu. Vumbi la mbao lilikwisha kuhesabiwa hivyo mwaka 1995.

Ukichoma vipande hivyo, gundi na rangi zinatoa moshi wa sumu. Tena mbabula yenyewe, ndani ya chumba kilichofungwa, inatoa hewa isiyo na harufu inayoua watu katika usingizi.

Wataalamu wanafanya nini?
Huko Oregon, Marekani, Profesa Kaichang Li alichunguza namna kome, wanyama wa baharini wenye gamba, wanavyoshikamana na mawe. Kwa mfano huo akatengeneza gundi ya soya isiyo na formaldehidi. Tangu miaka ya 2000, viwanda vya tripleksi huko vilianza kuitumia. Nchi za Ulaya nazo ziliandika sheria mwaka 2023: hewa ya formaldehidi kutoka kwa vyombo vya mbao isipite miligramu 0,062 katika mita kyubu moja, kuanzia tarehe 6 Agosti 2026.

Shika haya matano
1. Usichome tripleksi wala panno, kwa kupika ao kwa kuota moto.
2. Ukinunua, tafuta alama E1: bao hilo linatoa hewa mbaya kidogo.
3. Kitanda ao kabati mpya, iache siku nyingi mahali penye upepo, pasipo mvua. Paka rangi ao verni hata pembeni palipokatwa.
4. Kata mbao nje, watoto wakiwa mbali. Vaa maski ya vumbi kama kazini. Nyunyiza maji mbele ya kufagia.
5. Macho yakiwasha ao kikohozi kikikaa, njoo dispensere, na useme ni kitu gani kipya kimeingia nyumbani.

Mtoto yule alipona. Mbabula sasa inawashwa nje, na vipande vilivyobaki baba alivitengeneza kibao cha kuwekea vitabu vya shule.