Mkuu Naye Huonywa

Methali yetu yasema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli, na vijana wameisikia tangu utotoni hata wameichoka. Lakini mkuu mwenyewe je, asikie la nani? Tumezoea maonyo yashuke kama maji ya mlimani: kutoka kwa baba hadi kwa mwana, kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi. Yakipanda, twayaita utovu wa adabu.

Tufungue Waraka kwa Wagalatia, sura ya pili. Huko Antiokia Mtakatifu Petro alikuwa akila meza moja na Wakristo wasio Wayahudi. Wakafika watu kutoka kwa Yakobo, naye akaanza kujitenga, akiwaogopa waliotahiriwa. Hakuhubiri uongo, alihama meza tu. Lakini kwa kuwa aliyehama ni Petro, wengine wakahama naye, hata Barnaba. Wale wa mataifa wangewaza nini, ila kwamba ubatizo wao ulikuwa na upungufu? Ndipo Paulo, aliyeitwa nyuma ya wote, akamwonya uso kwa uso mbele ya watu.

Hebu tujiweke mahali pa Petro. Majibu hayakukosekana. Angaliweza kumwuliza Paulo alikuwa wapi siku Bwana alipoahidi funguo, na ni nani aliyelinda nguo za waliompiga Stefano mawe. Humo hamna neno la uongo hata moja, wala hamna neno linalogusa kosa lenyewe. Hiyo ndiyo hila ya kiburi chetu: hakikanushi kosa, bali hutafuta dosari ya mwenye kuonya. Mwenyekiti wa kigango akikumbushwa kwamba hesabu ya michango haijasomwa, huuliza kijana huyo amefunga ndoa lini. Nasi tunaoandika ukurasa huu hatumo nje ya jambo hilo. Barua ya msomaji ikituonyesha kosa, jicho letu huanza kwa kutafuta makosa ya mwandiko wake.

Maandiko hayakutuwekea jibu la Petro. Ila Waraka wa Pili wa Petro wamtaja Paulo kuwa ndugu mpendwa.

Habari hiyo iliwasumbua Mababa wa Kanisa. Mtakatifu Yeronimo aliona kwamba mitume hao wawili walifanya igizo tu, wala Petro hakukosa hasa. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliyekuwa mdogo wake kwa umri, alikataa: Petro alikosa kweli, akaonywa kweli. Tena alifundisha kwamba ujasiri wa Paulo ni mfano mwema, lakini unyenyekevu wa Petro, aliyekubali kuonywa na aliyekuja nyuma yake, ni mfano ulio adimu zaidi. Barua yake ya kwanza juu ya jambo hilo, iliyoandikwa karibu na mwaka 395, haikufika. Ya pili ikasomwa na watu wa Italia kabla ya Yeronimo kuiona kule Bethlehemu, na mzee huyo akaudhika sana. Hatuwezi kumlaumu. Kosa lako likitangazwa sokoni kabla hujaambiwa nyumbani, huchoma mara mbili. Ndiyo maana Bwana wetu, katika Mathayo sura ya 18, ataka ndugu aendewe kwanza faraghani. Petro alionywa hadharani kwa sababu kosa lake lilikuwa la hadharani, na wengi walikuwa wakilifuata.

Augustino naye hakuwaachia wengine kazi ya kumsahihisha. Katika miaka ya 426 na 427, akiwa amepita umri wa miaka 70, aliketi akazipitia kazi zake 93, moja baada ya moja, akionyesha mahali alipokosa, na pengine, tuseme kweli, akijitetea kidogo. Alikuwa askofu mwenye sifa kubwa, wala hakuna aliyemlazimisha.